Usiku peke yako wodini, wa kansa wanne, uanze na nani?

Pole mdogo wangu, umeniuliza uanze na nani: muuguzi ni wewe tu, wagonjwa wanne na mhudumu mmoja wa kukusaidia hapo Kigoma si mchezo, hata mimi huku Tabora yamenikuta. Anza na huyo aliyepata kemo (dawa kali za kansa) wiki iliyopita, homa ya 38 usiidharau hata kama anakula ugali na mgebuka wake vizuri tu, kinga imeshuka huyo, mpigie daktari sasa hivi. Wa maumivu afuate. Kuogesha, kulisha, kupima joto mwachie mhudumu ila mwambie kabisa akiona namba gani akuite. Wa kuongezewa damu usimwachie mhudumu, dakika 15 za mwanzo kaa hapohapo. Mie niliwahi kuchomoka nikanywe chai, narudi nakuta mgonjwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia, nikafunga damu isiendelee kuingia, kanyula (kale kamrija ka mshipani) nikaiacha, nikamwita daktari.