Kwa familia zinazotumwa Ujerumani: watoto hawakuwekewa mikono

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naandika kwa haraka kwa sababu baadhi yenu mmeshapata viza, na niliyoyasikia kwenye semina ya kuwaaga ni yale yale tuliyoyasema sisi tulipokuwa tunaelekea kuhudumu kanisani Wuppertal, mji wa Ujerumani. Mama mchungaji mmoja kijana, ninayempenda kama mwanangu, alisema lugha haimpi shida: kifungua mimba wake ana kichwa chepesi, baada ya miezi sita atakuwa anawatafsiria wote. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga.

1. Mchungaji, usikemee kikapu cha sadaka. Muumini wa kule hukatwa kodi ya kanisa kabla mshahara haujamfikia: asilimia 9 ya kodi yake ya mapato, au asilimia 8 akiwa Bavaria au Baden-Württemberg. Sarafu unazoziona kikapuni ni nyongeza. Hata hivyo, kila kundi jipya lina mtu wa kuwahubiria Malaki 3, habari za zaka, mwezi wa kwanza, na wazee wa kanisa humsikiliza kwa adabu na kumpa mkono mlangoni. Ukitaka waonje utoaji wa kwetu, subiri siku ya usharika rafiki uendeshe mnada. Niliwahi kushuhudia mabibi wawili wakipandishiana bei ya keki ya tufaha mpaka mkuu wa jimbo akaomba poo, na mwaka uliofuata wenyewe wakaulizia mnada ni saa ngapi.

2. Msiandike nyumbani kwamba kanisa la Ulaya limekufa. Jumapili viti vitupu ni vingi, kweli. Lakini Jumatatu nendeni kwenye chekechea za kanisa, nyumba za wazee, na kwa wauguzi wa Diakonia, huduma ya kanisa kwa wahitaji, wanaozunguka kuwafunga vidonda wagonjwa majumbani, halafu ndipo muandike barua ya maombi.

3. Jiandikisheni manispaa ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia.

4. Msiwatoe watoto shule kabla ya likizo kisa tiketi ni nafuu. Shule ni lazima kisheria na faini ipo. Na mwenye mtoto wa darasa la tatu ajue kwamba huko Wuppertal, darasa la nne likiisha watoto hugawanywa kwenda shule tofauti, na mwalimu hutoa pendekezo lake mapema. Nendeni mkaonane naye mapema. Nendeni ninyi, na mkalimani mtu mzima.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka 12. Kijerumani kilimwingia haraka kuliko sisi. Baba yake alikuwa akizunguka sharikani kuhubiri, mimi nilikuwa na mtoto wa kunyonya na kozi ya jioni niliyokuwa naiacha kila mtoto akikohoa. Ilianza na barua za shule. Ikafuata simu ya bima ya afya. Kisha ofisi ya wageni, ambako binti alisimama kati yangu na karani akieleza kwa nini mkataba wa baba yake haujaongezwa muda. Washarika walimsifu, na sisi tukaandika kwenye barua ya maombi kwamba Mungu ametupa mkalimani ndani ya nyumba.

Mwaka wa pili nilipata ujauzito. Asubuhi moja nikaanza kutokwa damu. Baba yao alikuwa mkutanoni mji mwingine, nami nikampitia binti shuleni, tukaenda hospitali. Daktari alipomaliza kunipima aliuliza kama kuna mtu mzima wa kumpigia simu. Binti akanitafsiria hata swali hilo. Nikamwambia: mwambie aseme tu, wewe utanieleza. Daktari akasita, akatutazama wote wawili, akasema. Na binti yangu akanigeukia, akaniambia moyo wa mtoto haupigi.

Akaendelea, kwa sababu daktari aliendelea. Kusubiri au kusafishwa. Fomu ya dawa ya usingizi. Kama nina mzio wowote. Alitafsiri mpaka mwisho kwa sauti ile ile aliyoitumia ofisi ya wageni. Nililia mimi. Yeye hakupata nafasi ya kulia, alikuwa kazini.

Miezi ikapita kabla mwalimu wake hajatuita. Safari hii shule ilileta mkalimani, mwanamke wa kutoka Bujumbura, na ni yeye aliyetueleza kwa Kiswahili yale ambayo mtoto wetu alikuwa amemwambia mwalimu: kwamba haendi kwa rafiki zake baada ya masomo kwa sababu barua inaweza kufika yeye hayupo, na kwamba usiku huhesabu siku zilizobaki kwenye kibali chetu cha kuishi. Tarehe hiyo baba yake mwenyewe hakuikumbuka.

Wakalimani walikuwepo mjini. Wamama wa usharika wangenisindikiza hospitali kama ningesema. Hatukusema kwa aibu: tumetumwa kuhudumu, halafu tuombe kushikwa mkono? Tena tulikuwa tumelelewa kwa habari za Krapf, mmisionari Mjerumani aliyemzika mkewe Rosine na kichanga chao Mombasa Julai 1844, tukazoea kuona mateso ya familia kuwa sehemu ya kazi. Lakini Rosine alikuwa mtu mzima, alisafiri mwenyewe hadi Misri mwaka 1842 kuolewa na mmisionari. Binti yangu hakuulizwa. Siku ya ibada ya kutumwa, maaskofu na wachungaji walituwekea mikono mimi na mume wangu. Watoto walisimama pembeni na nguo zao mpya.

Leo ni mtu mzima, na amesoma haya kabla sijayatoa. Alifuta sentensi moja, nami sikubishana.

5. Kozi ya lugha ni ya wote wawili. Nimechoka kuona mchungaji akifikishwa kiwango cha B1, yaani cha kati, na mama akiambiwa atajifunzia sokoni. Mama ndiye atakayekuwa na watoto kwa daktari.

6. Kabla ya kusaini, iulizeni idara inayowatuma kwa maandishi: nani atalipia kozi ya mama, nani atakaa na watoto saa za kozi, na nani atatusindikiza hospitalini na ofisi ya wageni mwaka wa kwanza? Mkijibiwa kwamba mtaona mkifika, rudisheni swali tena, na mnitumie nakala nami niwasukumie.