Nafsi “inajipoteza” au inazama?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri mihadhara ya falsafa ya sanaa, na sentensi moja imenigombanisha na mhariri wangu. Niliandika: “Tajriba ya kiujumi ni pale nafsi inapojipoteza ndani ya kazi ya sanaa.” Akairekebisha: “Uzoefu wa uzuri ni pale ubinafsi unapopotelewa ndani ya kazi ya sanaa.” Anasema tajriba na ujumi (yaani taaluma ya uzuri na sanaa) ni maneno ya vitabuni tu, na nafsi ni neno la dini. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Kwenye nafsi uko sahihi wewe. Kwenye tajriba nakupa ushindi mwembamba. Kwenye kitenzi mmeteleza nyote wawili, na hapo ndipo penye utamu.

Tuanze na lile lisilo na mjadala. Ubinafsi ni tabia, tena mbaya: kujipendelea, kutaka chako kitangulie cha wenzako. Mtu hukemewa kwa ubinafsi wake, lakini hakuna anayekemewa kwa kuwa na nafsi. Katika uwanja huu kosa hilo lina madhara zaidi kuliko kwingine, kwa sababu tangu Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, alipochapisha mwaka 1790 uhakiki wake wa tatu, ule unaohusu uamuzi wa uzuri, wanafalsafa wamekuwa wakijadili ile furaha ya kutazama kitu bila kukitakia faida yoyote. Msomaji akikutana na “ubinafsi unapotelewa” ataelewa kwamba sanaa humponya mtu uchoyo. Huenda ni kweli, sijui, lakini sentensi yako haikusema hivyo. Mhariri wako ameichukua nadharia akaigeuza mahubiri bila kukusudia.

Na ukifika kwa Kant mwenyewe, jihadhari na mtego wa pili. Furaha anayoisema ni furaha “isiyo na maslahi”. Nimeona tafsiri zinazosema “isiyo na hamu” au “isiyo na mvuto”, kana kwamba mtazamaji wa Kant amekaa mbele ya picha anapiga miayo. Hamu anayo tele. Asichonacho ni mpango wa kukimiliki, kukila au kukiuza kitu anachokitazama.

Kuhusu nafsi kuwa neno la dini: dini inalitumia, sawa, lakini sarufi nayo inalitumia. Sote tumefundishwa nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nafsi, kwa maana hiyo, ni yule anayeweza kusema “mimi”, na ndiye huyohuyo mwanafalsafa anayemtafuta. Wahakiki wa ushairi wametupa hata nafsineni, yaani ile sauti isemayo “mimi” ndani ya shairi, ambayo si lazima iwe ya mshairi. Mshairi kijana aweza kuandika shairi ambalo nafsineni yake ni bibi kizee anayemlilia mumewe. Lugha yetu basi tayari ina nafsi isiyoishi popote ila ndani ya kazi ya sanaa, na mhariri anataka kulifuta neno lenyewe!

Sasa tajriba. Uzoefu umetokana na kuzoea, na kuzoea kunataka marudio. Mwenye uzoefu ni aliyefanya jambo mara nyingi mpaka likamkaa mikononi. Tajriba ina mzizi mmoja wa Kiarabu na jaribu letu, kwa hiyo ndani yake mna hali ya kukutana na kitu na kukionja. Sitadai kwamba mpaka kati yao ni mnene. Wengi huyatumia kama visawe na kamusi haziwakatazi. Lakini wimbo unaousikia mara moja ukakutoa machozi si jambo ulilolizoea, bali ni jambo lililokupata. Wajerumani wana maneno mawili hapa, Erlebnis kwa tukio linalomgusa mtu ndani na Erfahrung kwa ujuzi unaojengeka na kumbadilisha, na mwanafalsafa wao Gadamer katika kitabu chake cha mwaka 1960 aliona hatari ya kuitegemea sana ile Erlebnis: sanaa hubaki kuwa mtiririko wa misisimko isiyomwachia mtu chochote. Ukimtafsiri yeye utayahitaji maneno yote mawili, kwa hiyo usiliache moja lipotee njiani.

Kwenye ujumi sina mengi. Ni neno la vitabuni, kweli, lakini wewe unatafsiri mihadhara. Uzuri hautoshi kuliziba pengo lake, kwani mwanafalsafa wa Kijerumani Baumgarten alipoipa taaluma hii jina katika karne ya 18, alilichukua kutoka neno la Kigiriki linalohusu utambuzi wa hisi, yaani kuona, kusikia na kugusa. Kazi ya sanaa inayotisha au kuchukiza nayo ni mali ya ujumi.

Haya, kitenzi.

“Kujipoteza” kimefuata maumbo ya Kiswahili, ila hakijafuata masikio ya Waswahili. Kiambishi -ji- aghalabu hubeba kusudi au lawama: kujitolea, kujidai, kujiponza. Ukisema kijana fulani amejipoteza, wasikilizaji watauliza ni ulevi au ni marafiki wabaya. Hakuna atakayedhani alikuwa anasikiliza muziki. Ukikimbilia “kujisahau” hujapona, kwa kuwa aliyejisahau kwetu ni aliyepata cheo akaanza kuwadharau waliompandisha. Nayo “kupotelewa” ya mhariri inamtaka mtu aliyeondokewa na kitu: nimepotelewa na funguo. Mtu kupotelewa na nafsi yake ningeweza kukubali, lakini nafsi kupotelewa, imepotelewa na nini?

Najua ulikotoka. Schopenhauer, mwanafalsafa mwingine wa Kijerumani, katika kitabu chake kikuu kilichotoka mwishoni mwa 1818, anamweleza mtazamaji anayekikazia macho kitu mpaka akausahau utu wake mmoja na utashi wake, akabaki kama kioo safi kinachokirudisha kitu kile. Hapo ndipo anaposema mtu “hujipoteza” katika kitu. Lakini angalia anavyolileta: anatutahadharisha kwamba huo ni msemo wa Kijerumani, tena msemo wenye maana nzito. Yaani mwenyewe alijua anaazima kutoka kinywa cha watu wake. Mfasiri mwaminifu basi hauhamishi msemo huo mzimamzima. Anawauliza watu wake wao husemaje.

Nao husema mtu amezama. Nilizama katika ule wimbo, alizama katika mchoro. Sioni kitenzi kinachomfaa Schopenhauer kuliko hiki. Hakina -ji-, kwa hiyo hakisemi mtu alifanya makusudi. Hakiko katika kauli ya kutendwa, kwa hiyo hakisemi alilazimishwa. Na aliyezama bado yupo, amezungukwa pande zote na kile alichozama ndani yake, na aweza kuibuka. Kile kioo cha Schopenhauer nacho kipo. Kilichotoweka ni yule mtu mwenye shida zake za jana na mipango yake ya kesho.

Vitenzi vyetu vingine vya uwanja huu vinaelekea upande mwingine. Shairi limenigusa, sauti yake imenikonga moyo, ngoma imeniteka. Kazi ya sanaa ndiyo mtenda, nami ni -ni- ndogo iliyobanwa katikati ya neno. Hata kupenda, ambako mtenda ni mimi, kuna pacha wake kupendeza, ambako kitu ndicho kinachonifanya nipende. Usidharau -ni- hiyo, maana imebeba ukurasa mzima wa Kant. Anatoa mfano wa mtu anayesema divai ya visiwa vya Kanari inapendeza. Mwenzake akimsahihisha kwamba aseme inampendeza yeye, hatakasirika, kwa sababu ladha ya ulimi ni ya kila mtu na wake. Lakini mtu anayesema jengo au shairi ni zuri, kisha akaongeza “kwangu mimi”, Kant anamwona kichekesho: anapoliita zuri anawasemea wote, anadai nao wakubali.

Mfasiri wa lugha nyingine atahitaji maelezo marefu. Wewe unahitaji silabi moja. “Inanipendeza” ni ya divai. “Inapendeza”, bila -ni-, imemwondoa msemaji ikabakiza kitu na madai yake juu ya kila mwenye macho. Sidai kwamba kila asemaye “inapendeza” ana falsafa kichwani, kwani wengi husema kwa adabu tu. Lakini tofauti ipo, na ni ya bure.

Usije ukaifukuza -ji- kila mahali kwa sababu ya niliyoyasema. Kuna mahali inapotawala, napo ni “kujieleza”. Collingwood, mwanafalsafa wa Kiingereza, mwaka 1938 alishikilia kwamba msanii haanzi na hisia anayoijua akaitafutia maneno; anaanza na msukosuko asioujua jina, na ni katika kuutoa ndipo anapogundua ulikuwa nini. Sasa tazama: eleza ni kufanya jambo lielee, yaani liwe wazi, kama tunavyouliza “limekuelea?” Anayejieleza, basi, kwa umbo la neno, anajifanya awe wazi, na anayehitaji uwazi huo kwanza ni yeye. Tumelizoea neno hili katika “jieleze ulikuwa wapi” hata tumesahau linaweza kubeba mzigo mkubwa hivyo.

Ombi moja dogo: mahali pengine katika mihadhara umeandika “usanii” ukimaanisha kazi ya msanii. Mitaani usanii siku hizi ni ulaghai, na “huyo msanii tu” si sifa. Kama unamtafsiri Platoni, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyewatilia shaka washairi kwa kuiga vitu wasivyovijua, mwache neno hilo limsaidie. Kwingine andika sanaa.

Sentensi yako ningeiandika hivi: “Katika tajriba ya kiujumi, nafsi huzama ndani ya kazi ya sanaa.” Mpelekee mhariri. Akikataa tajriba, mwachie aweke neno lake, ila kwenye nafsi usirudi nyuma.