Benz ya baba imekaa juu: nikate springi au niagize fupi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1981 niliyoachiwa na marehemu baba. Bodi ni safi na injini ni ile ile ya dizeli iliyokuja nayo. Kinachonikera ni kimo. Imekaa juu kama gari ya kampeni, mkono mzima unapita kati ya tairi na madigadi. Nataka ishuke sentimita 6 mbele na nyuma. Fundi mmoja hapa Lindi anasema atakata mzunguko mmoja na nusu kwenye kila springi, kazi ya asubuhi moja. Rafiki yangu wa Dar anasema niagize springi fupi Ujerumani. Nimsikilize nani? Safari zangu ni Lindi–Mtwara kila wiki, na Newala kwa wakwe mara moja moja. — Msomaji, Mtanda, Lindi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wote wawili wamekupa dawa kabla ya kupima. 240D iliyo kwenye kimo chake cha kiwandani haipitishi mkono mzima juu ya tairi, kwa hiyo kuna kitu kimeiinua. Tukijua ni nini, huenda hizo sentimita 6 zikapungua zenyewe bila kukata wala kuagiza chochote.

Anza na tairi, maana hapo hakuna hata nati ya kufungua. Umbo hili, ambalo kiwandani linaitwa W123 na liliingia sokoni mwaka 1976, lilikuja na ringi 14, tairi za 175 au 195/70. Huku kwetu wengi hufunga 185R14C, zile za pickup, kwa kuwa ni ngumu na hazipasuki ovyo. Tairi hiyo peke yake inainua gari karibu sm 1 kuliko 195/70, na ukuta wake mgumu unafanya hata springi nzuri ionekane mbaya. Soma ubavuni mwa tairi zako.

Halafu springi zenyewe. Mercedes walikuwa na springi za kawaida, na pia springi za nchi zenye njia mbaya, ngumu zaidi na zenye kuikalisha gari juu. Benz nyingi zilizoletwa Afrika ziliagizwa hivyo. Kama ya baba yako ni mojawapo, huhitaji springi za kushushia kabisa. Unahitaji springi za kawaida za 240D, na gari itarudi kwenye kimo ambacho Mjerumani aliichorea. Futa kutu kwenye mzunguko wa mwisho wa kila springi utafute namba au alama za rangi, kisha ilinganishe na orodha ya vipuri kwa kutumia namba ya chesisi. Usikubali springi ya 300D kwa sababu tu "zinaingiliana". Injini ile ina silinda tano na ni nzito zaidi, kwa hiyo springi yake ukiifunga kwako pua itabaki juu.

Cha tatu ndicho mafundi wengi hawakigusi: raba iliyo juu ya springi, kati yake na bodi. Washa tochi, pitisha kidole kwenye ukingo wa raba hiyo, utagusa vinundu vidogo. Hesabu. Kinundu kimoja ni raba ya mm 8, viwili mm 13, vitatu mm 18, vinne mm 23. Kiwandani, vifaa vya ziada vya gari vilipewa pointi, na jumla ya pointi ndiyo iliyoamua ni springi gani na raba ya vinundu vingapi ifungwe. Miaka arobaini baadaye raba hizo zimeshabadilishwa na kila aliyepita, mara nyingi kwa ile iliyopatikana dukani siku hiyo. Nimezoea kukuta kushoto vinundu vinne na kulia viwili, na mwenye gari analalamika kwamba springi imechoka.

Hapa kuna hesabu moja lazima uielewe, hata ukiamua kumpa kazi mtu mwingine. Springi ya mbele haikai juu ya tairi, inakaa ndani zaidi, katikati ya mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na fremu ya gari. Chukua futi, pima kutoka kwenye bushi ya ndani ya mkono (raba ya pale mkono unapofungwa kwenye gari) hadi katikati ya springi, halafu kutoka bushi ile ile hadi bolijointi, kiungo cha mpira cha upande wa tairi. Tuseme, kwa mfano, umepata sm 22 na sm 38. Gawanya 22 kwa 38, ni 0.58. Maana yake, ukipunguza mm 10 kwenye springi au kwenye raba, bodi inashuka kama mm 17. Raba ya vinundu vinne ukiiweka ya vinundu viwili umepunguza mm 10, na gari imeshuka karibu sm 2 kwa bei ya raba mbili!

Sasa rudi kwa fundi wako wa mzunguko mmoja na nusu. Springi yenye mizunguko minane inayofanya kazi, ukikata mmoja inabaki na saba, na ugumu unapanda kwa asilimia 14 hivi. Ukikata mmoja na nusu, unapanda asilimia 23. Urefu ulioondoa nao unazidishwa na ule mkono kama tulivyoona, kwa hiyo hakuna fundi anayeweza kukuahidi sm 6 kwa kutazama kwa macho. Akikatia kwa gesi ni balaa zaidi, kwa kuwa moto unalegeza chuma cha springi, na pale palipochomwa ndipo patakapokatikia, hasa kwetu pwani ambako chumvi haikipi chuma pumzi. Halafu kuna mwisho wa springi, unaopaswa kukaa sawasawa kwenye kikalio chake. Ukikatwa ovyo unasaga kikalio, na gari ikinyanyuliwa springi inacheza au kuchomoka mahali pake. Mimi sikati.

Na usidanganywe na springi ya gari nyingine inayofanana. Unene wa waya ndio unaobeba kila kitu: wa mm 14 ukilinganisha na wa mm 13, mengine yote yakiwa sawa, ni mgumu kwa zaidi ya theluthi moja. Macho hayaoni milimita moja. Pima kwa venia, kile kipimo cha kubana kinachosoma hadi sehemu za milimita, na usugue kutu kwanza.

Je, sm 6 inawezekana? Kwenye lami ya Ujerumani labda. Springi za kushushia za huko nyingi zinashusha mm 30 hadi 40, na wenye busara wanafunga na shokapu fupi. Wewe unapita matuta ya vijijini kutoka Mingoyo hadi Mikindani, na unapanda Newala na familia na mizigo. Pima hivi. Gari ikiwa mahali tambarare, ipakie kama unavyokwenda ukweni: watu wanne, na mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 kwenye buti (Mtwara saruji haitupi shida, kiwanda tunacho). Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kila kona. Siku springi itakapokuwa nje, nyanyua mkono taratibu kwa jeki hadi raba ya kugongea (ile inayozuia mkono usigonge bodi) iguse, upime tena palepale. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nafasi uliyonayo ya kuchezea. Toa humo kiasi unachotaka kushusha. Ikibaki chini ya mm 50, kwa njia zetu mimi nakataa kazi. Kila tuta litakuwa nyundo, na baada ya raba ya kugongea kinachofuata kupokea kipigo ni bodi.

Nyuma kuna tatizo lake. Mikono ya nyuma ya W123 ukiishusha, tairi zinainamisha vichwa ndani, na kiwandani hawakuweka mahali pa kurekebisha hilo. Mbele unarekebisha, nyuma huna pa kushika. Utamaliza upande wa ndani wa tairi za nyuma wakati nje bado ni mpya. Ndiyo maana nyuma sishushi zaidi ya mm 25, na mbele 30. Kwa gari yenye nguvu za farasi 72 hatutafuti kona za mashindano, tunatafuta sura.

Kuhusu kazi yenyewe: springi ya mbele imebanwa kwa uzito unaozidi nusu tani. Kuna wanaoifunga waya halafu wanashusha jeki wakisali. Usiwe karibu nao. Inatakiwa kibanio cha ndani, chenye sahani mbili zinazoingia katikati ya springi, na gari ikae juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Gereji isiyo na kibanio hicho, muage vizuri uondoke.

Bolti za bushi zikazwe mwisho kabisa, gari ikiwa imesimama chini kwa uzito wake, la sivyo bushi zinabaki zimejipinda na gari haikai kwenye kimo chake cha kweli. Iendeshe wiki mbili ijikalie, ndipo uende alaimenti na kupanga taa za mbele.

Nitumie kwanza ukubwa wa tairi, idadi ya vinundu kila kona, namba za springi, na kimo kutoka katikati ya rimu hadi madigadi gari ikiwa tupu. Pesa ya Ujerumani ikae mfukoni kwanza.