Suti ya mpira majini: maswali yenu

Tangu nianze kuandika kuhusu mbio za kuogelea maji ya wazi, kila wiki napata swali kuhusu wetisuti, ile suti ya mpira inayobana mwili kuanzia shingoni hadi vifundoni. Leo najibu baadhi.

Kocha, shikamoo. Nilinunua wetisuti ya mtumba kwa bei nzuri, nikaenda nayo kwenye mbio za Ziwa Victoria. Msimamizi akaniambia niivue au nisiingie majini. Nimeonewa? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba. Hukuonewa. Shirikisho la dunia, zamani FINA na sasa World Aquatics, lilileta kanuni mwaka 2017: maji yakiwa nyuzi 20 au zaidi, wetisuti hairuhusiwi. Yakiwa kati ya 18 na 20, ni hiari yako. Chini ya 18 ni lazima, na chini ya 16 mbio hazifanyiki kabisa. Ziwa lenu, kwa sehemu kubwa ya mwaka, liko nyuzi 24 kwenda juu. Watu wa trayathloni, mbio za kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, wana vipimo vyao, na wanawalegezea kidogo washiriki wa kawaida. Ironman, kwa mfano, wanawaruhusu hadi nyuzi 24.5. Hata huko ungekuwa ukingoni.

Lakini achana na kanuni kwanza, fikiria mwili wako. Mtu anayevuta mikono saa mbili mfululizo anatengeneza joto jingi. Nchi kavu jasho lingemsaidia, ila majini jasho halina kazi. Joto linatoka kwa ngozi kugusana na maji. Sasa maji yenyewe ni ya uvuguvugu, nawe umeifunika ngozi kwa mpira. Litatokea wapi? Oktoba 2010 huko Fujairah, Falme za Kiarabu, Mmarekani Fran Crippen, kijana wa miaka 26, alifariki katika mbio za kilomita 10, kwenye maji ambayo wenzake walilalamika kuwa ni ya moto mno. Naye hakuwa na suti ya mpira. Baada ya msiba huo ndipo kikawekwa kikomo cha juu cha nyuzi 31. Sisi wa huku tunaogopa baridi tusiyokuwa nayo, na joto tulilo nalo tunalichukulia poa.

Kelele zote hizi za nini, kwa nguo ya kuzuia baridi tu? Mkimbiaji akivaa soksi nzito nani anamzuia? (Msomaji, Nairobi)

Soksi hazimbebi mkimbiaji. Wetisuti inambeba mwogeleaji.

Chukua kipande cha suti hiyo, kikunje, kizamishe kwenye pipa la maji kwa kiganja. Utahisi kinakusukuma juu, na ukikiachia kinaruka. Neoprini, mpira unaotengenezea suti hiyo, imejaa vipovu vidogo vya gesi. Vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia baridi, na ndivyo hivyo hivyo vinavyoelea. Ukiivaa, nyonga na mapaja yanapanda juu na mwili unalala sawa na uso wa maji, hivyo maji yanayokukwamisha yanapungua.

Kinachonikera mimi ni kwamba msaada huo haugawanyiki sawasawa. Mwogeleaji ambaye miguu yake huzama, wengi wao wanaume wenye misuli mizito, anafaidika sana. Yule aliyejifunza tangu utotoni kulala vizuri juu ya maji anafaidika kidogo tu, kwa sababu kile anachouziwa tayari anacho. Kwa hiyo hata nafasi za ushindi zinabadilika, siyo muda peke yake. Ndiyo maana trayathloni wameweka unene usiozidi milimita 5. Bwawani nako walishaonja: mashindano ya dunia ya Roma 2009 yalivunja rekodi za dunia 43, waogeleaji wakiwa ndani ya suti za kisasa zilizobana mwili na kuelea. Kuanzia Januari 2010 zikapigwa marufuku.

Assalamu alaikum. Binti yangu anaogelea kwa vazi la stara la kitambaa, mikono, miguu na kichwa vimefunikwa. Mwandaaji mmoja amesema hilo ni sawa na wetisuti. Ni kweli? (Mama, Lamu)

Waalaikum salaam, mama. Si sawa hata kidogo. Kitambaa kinanywa maji, kinakuwa kizito na kinamrudisha nyuma kila anapovuta mkono. Huyo binti anatoa faida kwa wenzake, hapati. Mwambie mwandaaji alete ndoo: kinachoelea kama boya ndicho cha kuulizia, kinachozama na kulowa akiache.

Ila nisikufiche. Kanuni za dunia za mavazi ya maji ya wazi, yale yasiyo ya neoprini, zinaruhusu vazi kufika vifundoni lakini zinakataza kufunika shingo au kupita mabega. Akilenga mashindano ya ngazi hiyo, chama cha kuogelea kiulizwe mapema na kwa maandishi, si asubuhi ya mbio. Mbio za hapa kwetu ni uamuzi wa mwandaaji, na hapo mimi niko upande wako.

Mjomba wangu anataka kuogelea kutoka Uingereza hadi Ufaransa. Akivaa wetisuti, atahesabiwa? (Msomaji, London)

Hataingia orodha moja na Matthew Webb, wa kwanza kuvuka bahari hiyo, mwaka 1875 kwa saa 21 na dakika 45, wala Gertrude Ederle, mwanamke wa kwanza, ambaye mwaka 1926 alitumia saa 14 na ushee na kuwapita wanaume wote waliomtangulia. Jadi ya pale ni vazi moja la kuogelea, kofia, miwani, na mafuta ya kujipaka basi. Ni kilomita zipatazo 33 kwa njia fupi, na wakati wa kiangazi maji huwa kama nyuzi 15 hadi 18.

Kocha, unajichanganya. Kwenye nyuzi 17 shirikisho linalazimisha suti, wale wa kwenda Ufaransa wanaikataza. Nani mkweli? (Msomaji, Mombasa)

Swali zuri kuliko yote ya leo. Anayevuka kwenda Ufaransa ana mashua yake, watu wake na msimamizi anayemwangalia mkono kwa mkono. Akianza kulegea anatolewa. Na baridi yenyewe ndiyo anayoshindana nayo. Kwenye mbio za kilomita 10 kuna waogeleaji kwa makumi, wembamba, wanapigana viwiko, na mashua chache. Huwezi kumwangalia kila mmoja, kwa hiyo suti inafanya sehemu ya kazi ya mwangalizi. Naikubali.

Nisichokikubali ni ile hiari ya kati ya 18 na 20. Hiari gani hiyo, wakati asiyevaa anaachwa? Kijana aliyefanya mazoezi Nyali kwenye maji ya nyuzi 27 anafika Ulaya asubuhi ya mbio, kipimo kinasoma 19, wenzake wanafungua mabegi. Yeye hana suti, au ameazimwa ambayo hajawahi kuogelea nayo na inambana mabega. Baridi haijafika pa kumdhuru mwogeleaji wa kiwango chake; kinachomshinda ni mfuko. Ningekuwa natunga kanuni ningechora mstari mmoja: juu yake wote wavue, chini yake wote wavae. Mbio za watu wa kawaida kwenye maji baridi, avae anayetaka, lakini matokeo yawe orodha mbili.

Na wapime vizuri. Kanuni inataka kipimo saa mbili kabla ya mbio, katikati ya njia, kina cha sentimita 40. Siyo kuchovya kipimajoto ufukweni mtu akiwa amesimama na viatu vyake.

Kocha, ni mimi tena wa Mwanza. Sasa suti hii niifanyie nini? (Msomaji, Mwanza)

Muuzie mtu anayekwenda kuogelea Cape Town, ambako maji ya nyuzi 13 ni jambo la kawaida. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uianike kivulini ndani nje. Na mwambie asipake vaslini shingoni kuzuia mchubuko, inaharibu mpira. Yapo mafuta maalumu.