Barua kwa mwanangu: aliyemjibu Ériu kwa adabu

Galway, Ayalandi, 22 Januari

Mwanangu kipenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisimama nayo jikoni mpaka maziwa yakafura yakamwagika. Baba yako akaniuliza kuna nini, nikamwambia mtoto kaniuliza swali la kikao cha wazee, niache kwanza nifikiri. Ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Umeandika kwamba usiku wa Samhain, sikukuu ya kale ya huku ya kuingia majira ya baridi, ulipanda kilimani na wenzako kuwasha moto, mtu mmoja akakutazama toka utosini hadi unyayoni, akasema miungu ya nchi hii huwaita walio wa damu yake. Ukamwambia baba yako kazaliwa Mayo, hapa hapa Ayalandi. Akajibu, "Basi ni nusu." Kisha ulipowasimulia binamu zako wa Muheza kwa simu, nao wakakucheka: umeiacha mizimu ya kwenu, unaipigia magoti ya Wazungu. Sasa unauliza, "Mama, nina haki ya kumfuata Brigid, mungu wa kike wa huku, au naiba vya watu?" Tena umeambatanisha na majibu ya kile kipimo cha vinasaba, asilimia 48 huku, na mabaka ya rangi kwenye ramani ya Afrika.

Mimi ni mtu wa kanisa, unalijua hilo. Nimekulia karibu na kengele ya misheni ya Magila, na baba yangu alikuwa mwimbaji wa kwaya mpaka sauti ilipomwisha. Uliponiambia kwamba sasa unafuata njia ya kale ya watu wa huku, nililia, nikahakikisha hunioni. Kila usiku nakuombea kwa jina la Yesu na sitaacha. Ila hukuniuliza kama njia hiyo ni ya kweli. Umeniuliza kama ni yako, na hilo naweza kukujibu kwa moyo mweupe.

Bibi yangu mzaa mama alibatizwa, lakini mvua zikikawia alikwenda na wazee wa ukoo makaburini. Pombe ya miwa ilimwagwa chini, mzee mmoja akawataja waliotangulia, jina kwa jina. Mtoto wa jirani asingeweza kusimama pale na kuwaita wale. Hakuna aliyemchukia, hawakuwa wake tu, naye alikuwa na wa kwao. Kwa hiyo yule mtu wa kilimani simhesabu kuwa mwongo mtupu. Kuna kweli aliyoishika, akaigeuza fimbo ya kukupigia.

Lakini bibi huyohuyo alikuwa na neno lingine: wenye mahali. Chemchemi ina mwenyewe, pango lina mwenyewe, mti mkubwa una mwenyewe. Ukihamia sehemu ukataka kulima au kuteka maji, unapiga hodi. Hapo hakuna anayeuliza ukoo wako. Kinachoangaliwa ni kama ulipiga hodi, na kama utapatunza. Pale mapango ya Amboni, tulipokwenda ukiwa na miaka 11, uliona vitu walivyoacha watu pangoni, ukaniuliza ni vya kabila gani. Nilikwambia ni vya yeyote mwenye shida. Sijui kama unakumbuka.

Sasa, Brigid ni yupi kati ya hao? Nimekuwa nchi hii tangu 1996, na kwa yote niliyoyaona na kuyasoma, namwona kuwa mwenye mahali. Si marehemu wa ukoo wa mtu. Kamusi ya kale ya Cormac, iliyoandikwa yapata mwaka 900, inasema alikuwa mungu wa kike waliyemwabudu washairi, binti wa Dagda, mmoja wa miungu yao, na kwamba alikuwa na dada wawili wenye jina hilohilo, mmoja wa uganga na mmoja wa uhunzi. Kanisa nalo lina Mtakatifu Brigid wake, na karne ya 12 kasisi Gerald wa Wales akaandika habari za moto usiozimika kwenye nyumba yake ya watawa pale Kildare: watawa 19 waliulinda kwa zamu, kila mmoja usiku wake, na usiku wa 20 yule wa mwisho aliweka kuni akasema, Brigid, linda moto wako, zamu hii ni yako. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa mapumziko ya saa tisa usiku hospitalini, miguu imevimba, na niliwaelewa wale wanawake kuliko nilivyowahi kuelewa mahubiri mengi. Mwaka 1993 masista wa shirika la Mtakatifu Brigid waliuwasha tena pale Kildare. Wanaokwenda kuuona wanatoka kila pembe ya dunia.

Ila kisa ninachotaka ukishike ni cha Ériu. Najua umekisikia, lakini kisikilize tena kwa sikio la mtoto wa mhamiaji.

Watawa wa karne ya 11 walikusanya kitabu cha namna watu walivyoingia kisiwa hiki. Ni hadithi, si historia, lakini ni hadithi yao wenyewe, na tazama wanavyojisimulia: kundi baada ya kundi, wote wamekuja kwa mashua. Hakuna aliyeota hapa kama uyoga. Wa mwisho, wana wa Míl, ambao Waayalandi walijihesabu kuwa uzao wao, walitokea Hispania, na nyuma ya hapo wakamtaja bibi mkuu wao kuwa Scota, binti wa Farao wa Misri. Walipotua waliwakuta Tuatha Dé Danann, watu wa miungu ya kale, na walipoingia ndani ya nchi wakakutana na wanawake wao watatu. Banba alikuwa kwenye mlima wa Slieve Mish, Fódla kwenye mlima wa Slieve Felim, na Ériu kwenye kilima cha Uisneach, kitovu cha kisiwa. Kila mmoja aliomba nchi iitwe kwa jina lake.

Ériu aliwakaribisha vizuri, akawatabiria kwamba kisiwa kitakuwa chao. Ndipo Donn, mkubwa wa wana wale, akamjibu kwa dharau: hatumshukuru yeye, tunaishukuru miungu yetu na nguvu zetu. Ériu akamwambia hutafaidi kisiwa hiki, wewe wala uzao wako. Mshairi Amergin yeye alimjibu kwa adabu: jina lako litakuwa jina kuu la nchi hii. Na ndivyo lilivyo hadi leo. Pasipoti yako imeandikwa Éire, ambalo ni jina la yule mama. Donn alizama baharini kusini-magharibi, na kisiwa kidogo cha mwamba kule kinaitwa nyumba yake, Tech Duinn, mahali ambapo wafu humwendea.

Donn na Amergin walikuwa ndugu, watoto wa baba mmoja. Damu ilikuwa ileile. Kilichowatenga ni namna walivyomjibu mwenyeji. Siku nyingine mtu akikupimia nusu yako kilimani, ujue anasema kwa ulimi wa Donn.

Na kama wanataka tuongee damu yenyewe, wanasayansi wameshaizungumza. Newgrange, lile kaburi kubwa la mawe unakokwenda kila Desemba kusubiri jua liingie chumbani, ilijengwa miaka kama 5,200 iliyopita. Mifupa ya mtu aliyezikwa mle ilipimwa, matokeo yakatoka 2020. Waliojenga walikuwa wakulima ambao mababu zao walisafiri kizazi kwa kizazi kutoka nchi ambayo sasa ni Uturuki. Baadaye, kabla ya chuma na kabla ya mtu yeyote kuitwa Mkelti, waliingia watu wengine wenye asili ya nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, na mifupa ya kisiwa cha Rathlin, ambayo habari zake zilitoka 2015, inaonyesha kwamba Waayalandi wa leo wanafanana zaidi na hao. Yule bwana anapolia kwa furaha jua likiingia Newgrange, analilia kazi ya mikono ya watu ambao kwa damu walikuwa karibu wageni kwake. Simkatazi. Nakuambia ili usimruhusu akukataze wewe.

Swali hili la damu halikuanza na wewe, nalo limeshanipitia mwilini. Tarehe 11 Juni 2004 nchi hii ilipiga kura kuamua kama mtoto akizaliwa tu katika ardhi hii atakuwa raia. Kwa miezi nilisikia redioni wakiongea juu ya wanawake wajawazito wenye sura kama yangu. Ulikuwa na miaka sita. Kura ikapita kwa asilimia 79: kuzaliwa hapa peke yake hakutoshi tena. Wewe haikukugusa kwa sababu ya baba yako. Lakini siku ile nilikuwa na mgonjwa mzee niliyekuwa nikimwogesha, akanishika mkono akanisikitikia, na nilifikiri: mjukuu wa mtu aliyeondoka hapa kwenda Chicago, ambaye hajawahi hata kulowa mvua ya huku, anaweza kuandikishwa kuwa raia kwa sababu ya bibi yake, ila mtoto aliyekatwa kitovu chake Galway anaweza kuwa mgeni. Sisemi wajukuu wa Chicago hawana haki. Njaa ya 1845 hadi 1852 iliua watu kama milioni moja na kuwatawanya wengine zaidi ya hao. Uchungu wa uzao wao ni wa kweli. Nasema tu damu na ardhi hazikukaa kitako zikakubaliana, wala huku wala kwetu. Pwani yetu wapo walioringia Ushirazi wao huku bibi zao ni Wabondei kama mimi.

Hapa naomba univumilie kidogo, maana sasa nakusema wewe.

Ukitaka kupiga hodi, piga kwa lugha yao. Kiayalandi ulikisoma shuleni miaka 14 ukakichukia, na sasa unamwita Brigid kwa Kiingereza. Amergin hakuwa na mkalimani. Rudi darasani. Pili, acha kutafuta upagani safi usioguswa na padri, haupo. Hadithi zote unazozipenda ziliandikwa na watawa, na kama si wao zingekwisha. Ile kalenda ya miti uliyobandika ukutani ilitungwa na mshairi Mwingereza karne iliyopita, na gurudumu la sikukuu nane limekamilishwa juzijuzi huko huko Uingereza. Za kale hapa ni nne: Samhain, Imbolc, Bealtaine, Lúnasa. Ukiambiwa jambo ni la kale, uliza limeandikwa wapi.

Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule kama 50,000 waliandika kwenye madaftari yale waliyosimuliwa na wazee wao: visima, dawa, miti ya mwiba isiyokatwa, nini kifanyike usiku wa Brigid. Madaftari hayo yamewekwa kwenye intaneti, kusoma ni bure. Bibi yako mzaa baba alikuwa mtoto wa shule miaka hiyo. Tafuta kijiji chake, usome miandiko ya wenzake.

Nimemkumbuka sana tangu barua yako ifike. Mwaka wangu wa kwanza aliniona nimekaa kama kifaranga aliyeloa, akaniwekea mbele rundo la manyasi ya kinamasi, akaanza kusuka msalaba wa Brigid bila kuniambia kitu. Mimi nimesuka ukili tangu nina miaka mitano. Nikamtazama mara moja, wa pili nikausuka mwenyewe. Akaugeuzageuza, akauvuta ncha, akauning'iniza juu ya mlango wa jikoni, pale alipokuwa akining'iniza wa kwake. Hakuniuliza damu yangu. Alikuwa Mkatoliki wa rozari kila jioni, na usiku wa 31 Januari hakukosa kutoa kitambaa nje ili Brigid akipita akibariki. Mwaka mzima, kila kichwa kilipomuuma, alijifunga kitambaa hicho kichwani. Neno upagani lingemkasirisha. Na kama kuna mtu aliyekurithisha Brigid ni yeye, wala si watu wa kilimani.

Binamu zako nitaongea nao mimi. Mizimu ya Muheza haikuachwa. Ukija Julai tutakwenda makaburini na mjomba, utatajwa kwa wazee kama unavyostahili, na mimi nitasimama pembeni na rozari aliyoniachia bibi yako.

Jambo moja la kisima. Ulinitumia picha ya kile kisima cha Brigid cha Liscannor ukifunga utepe wa nailoni kwenye mti. Usifanye tena. Kitambaa kinafungwa ili kioze, na kikioza maradhi yanakwisha nacho. Nailoni haiozi, inaunyonga mti tu. Ndani ya bahasha hii utakuta kipande cha kanga ya bibi yangu, pamba tupu, imefuliwa mpaka imekuwa laini kama shavu la mtoto. Nimekata upande usio na jina. Penye jina nimebaki napo. Usifunge mtini. Tarehe 31 kitoe nje dirishani kabla giza halijaingia, ukiingize asubuhi kabla ya kwenda kazini, na ukimaliza nipigie simu. Nitakuwa nimetoka zamu.

Mama yako