Farasi wako wa Red Dead Redemption 2: anza na vikuku, mapenzi yafuate

Wachezaji wengi wa Red Dead Redemption 2 hukosea palepale mwanzoni. Wanamlisha farasi karoti mpaka ashibe, wanampiga brashi, wanampapasa shingo kila wakipumzika, halafu wanashangaa mbona wawindaji wa zawadi, wanaowasaka wahalifu kwa malipo, bado wanawafikia njiani. Kasi haiongezwi na mapenzi. Gemu hii, iliyotoka Oktoba 2018 kwenye PS4 na Xbox One na mwaka mmoja baadaye kwenye kompyuta, ina njia tatu za kumwimarisha farasi, na kila moja inagusa sehemu yake. Ukizichanganya utapoteza saa nyingi na dola zako zote.

Fungua taarifa za farasi uone. Kuna afya, stamina, kasi na mchomoko, yaani anavyoshika mwendo haraka kutoka kusimama. Kuna pia wepesi wa kugeuka, ambao unategemea aina ya farasi tu. Kuzoeana naye kunapandisha afya na stamina. Kasi na mchomoko vinatoka kwa uzao wake, na juu ya hapo vinaongezwa na vikuku vya kukanyagia, vile vya kuwekea miguu ukiwa mgongoni. Tandiko lina kazi nyingine kabisa: linapunguza jinsi viini vyake, yaani akiba yake ya ndani ya afya na ya stamina, vinavyopungua mkiwa safarini.

Basi anza na vikuku. Nenda kwenye zizi lolote la mjini, la Valentine linatosha, ingia upande wa vifaa vya farasi, tafuta Hooded Stirrups. Hivyo vinaongeza pointi 2 za kasi na 2 za mchomoko. Hakuna kitu kingine dukani kinachobadilisha mwendo wa farasi kiasi hicho kwa bei ya kawaida, na ajabu ni kwamba watu wananunua kwanza rangi ya singa na kusuka mkia. Kama vikuku hivyo bado havijafunguliwa katika hatua uliyofika, chukua bora vilivyopo na urudi baadaye. Vifaa ni mali yako, si mali ya farasi: ukibadilisha farasi, vinahamia kwa mwingine.

Mazoea hayahamii, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Kila farasi ana ngazi zake 4 za kuzoeana, na ukichukua mpya unaanza upya kutoka ngazi ya kwanza. Mtu anayebadilisha farasi kila wiki atakuwa na zizi limejaa wanyama wasiomjua.

Sasa, kupanda ngazi. Kumwendesha tu kunasaidia, ila taratibu. Kumpapasa shingo ukiwa mgongoni, kwa kubonyeza L3 (kijiti cha kushoto) kwenye pedi ya PlayStation, kunaongeza kidogo, lakini usikae ukibonyeza mfululizo kama mtu anayetuma salio. Gemu inahesabu mara moja kisha inakuacha usubiri. Kumlisha na kumpiga brashi kunalipa zaidi anapokuwa na haja navyo. Shika L1 kufungua gurudumu la vitu, kisha geuza kwa R1 hadi ufike upande wa farasi. Chakula na dawa zake viko huko.

Njia inayodharauliwa ni kumwongoza kwa miguu. Shuka, shika hatamu, tembea naye mjini au kuzunguka kambi. Utaona alama ya kuzoeana ikijitokeza kila baada ya muda. Inachosha, kweli. Lakini kama una safari fupi ndani ya Valentine, kutoka zizini hadi kwa muuza bunduki, tembea naye badala ya kupanda. Hizo hatua chache zinajumlishika.

Faida unazoziona: ngazi ya 2 anaweza kusimama kwa miguu ya nyuma, ngazi ya 3 anafunga breki na kugeuka ghafla akiwa shoti, ngazi ya 4 anacheza kwa madaha, anakwenda kiubavuubavu. Mbwembwe hizo ni za kupiga picha. Faida ya kweli ni kwamba kila ngazi inarefusha afya na stamina, inamfanya asikie mbinja yako kutoka mbali zaidi, na asitishike ovyo. Farasi wa ngazi ya 1 akimwona nyoka au akisikia chui wa milimani anakutupa chini na kukuacha na mwenye meno. Akianza kukoroma na kurudi nyuma, bonyeza L3 mara kadhaa kumtuliza kabla hajaamua.

Kuhusu stamina, kuna kitu ambacho wachezaji wa siku nyingi wanakifanya bila kufikiri: kwenye shoti usigandamize kitufe cha X hovyo. Kibonyeze kwa mapigo ya kwato zake. Ukiupata mdundo, stamina inashuka polepole sana na mnakwenda mbali zaidi. Ukibonyeza kwa pupa pete ya stamina, ile inayozunguka alama ya kiini chake kwenye skrini, inakwisha, naye anakubwaga.

Pete na kiini si kitu kimoja, tuliweke hili sawa. Kiini ndicho kinachoijaza pete. Kiini kikiwa kitupu, hata upumzike kiasi gani pete inajaa kwa kusuasua. Chakula kinajaza kiini; Horse Stimulant inashughulikia stamina na Horse Medicine afya. Uchafu nao unakula viini, kwa hiyo farasi mwenye matope mpaka tumboni ni hasara inayotembea. Huna muda wa brashi? Mvushe kwenye maji ya kina kifupi. Usimwogeleshe mto mkubwa, kwa sababu kuogelea kunanyonya stamina vibaya.

Farasi gani wa kuwekeza kwake? Arabian mweusi anauzwa Saint Denis kwa dola 1,050, na mji huo unafika ukiwa umeshakwenda mbali kwenye hadithi. Kabla ya hapo yupo Arabian mweupe wa bure, porini, kwenye theluji ya Ambarino karibu na Lake Isabella, kaskazini-magharibi mwa ramani. Unaweza kumfuata kuanzia sura ya 2. Vaa koti zito kwanza, maana baridi ya huko inakula kiini chako cha afya. Mwache farasi wako mbali, mfuate mweupe kwa miguu polepole. Rangi yake na theluji ni kitu kimoja, tazama nyayo. Akiinua kichwa, simama umtulize. Ukifika karibu tupa kamba ya kitanzi, endelea kumtuliza huku ukisogea, kisha mpande. Atarusharusha: sukuma kijiti cha kushoto upande ulio kinyume na anakoelekea mpaka achoke. Asipokuwepo, ondoka eneo hilo kabisa, urudi baadaye.

Kosa la kawaida baada ya hapo ni kushangilia na kuondoka naye mtupu. Farasi asiye na tandiko lako bado si wako. Vua tandiko kwa farasi wa zamani, mtandike mpya, kisha yule wa zamani mpeleke zizini ukimtaka.

Arabian anageuka vizuri kuliko wote, ila ni mwoga na mwili wake mdogo. Kwa mtu wa mapigano ya risasi tunampendelea Turkoman, mtulivu na mnene wa afya. Wa kukimbia tu, Missouri Fox Trotter.

Tandiko la kifahari liache mwisho. Yale mazuri yanatengenezwa na mnunuzi wa ngozi, Trapper, kwa mfano Panther Trail Saddle au Bear Dakota Saddle, na anadai ngozi kamilifu, za nyota tatu. Ngozi moja iliyotobolewa na bunduki isiyofaa inakurudisha porini. Beba ngozi nyuma ya tandiko na uifikishe mapema, kwa sababu farasi akifa njiani shehena iko hatarini.

Na farasi hufa. Kwenye hadithi hakuna bima. Akianguka akiwa amejeruhiwa una muda mfupi wa kumpa Horse Reviver, dawa ya kumwinua. Usiwe nayo, mnamalizana kwa risasi, na ngazi 4 zote zinakwenda naye. Nunua mbili zizini kabla ya vikuku vya pili, kabla ya rangi ya singa, kabla ya chochote kingine cha anasa. Ikishindikana kabisa, usimwache hapo na tandiko: livue, libebe begani, utafute farasi mwingine.