Ofisa wa manowari aliyepandisha boti mlimani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia hapa Walukuba, Jinja. Marehemu babu yangu, ambaye alichukuliwa upagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alizoea kutusimulia kuwa Waingereza walipitisha boti za vita kwenye nchi kavu mpaka Ziwa Tanganyika, wakiongozwa na ofisa wa manowari aliyevaa sketi. Wanafunzi wangu hucheka. Je, mtu huyo alikuwapo kweli? Alipataje kazi hiyo, na je, boti hizo zilipitia Uganda?

JIBU: Mwalimu, babu yako hakuwadanganya. Ofisa huyo aliitwa Geoffrey Spicer-Simson. Alizaliwa Hobart, Tasmania, mwaka 1876, na akaingia jeshi la majini la Uingereza akiwa kijana wa miaka 14. Kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa upimaji wa maji, yaani kupima vina na kuchora ramani za mito na pwani. Alifanya kazi hiyo nchini China, na baadaye, kuanzia mwaka 1910, katika Mto Gambia. Cheo chake hakikupanda upesi kama cha wenzake, kwa sababu alikuwa amewahi kusababisha ajali na kutiliwa shaka na wakubwa wake. Vita vilipoanza alipewa kikosi kidogo cha meli za doria kwenye pwani ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Tarehe 11 Novemba 1914 meli mojawapo, Niger, ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani ilhali yeye mwenyewe alikuwa nchi kavu. Baada ya hapo akapelekwa ofisini, London.

Aliyemtoa huko ofisini, pasipo kukusudia, ni mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, ambaye mwezi Aprili 1915 alifika makao makuu ya jeshi la majini na kueleza kwamba Wajerumani walikuwa wameshika Ziwa Tanganyika lote kwa meli zao Kingani na Hedwig von Wissmann, na kwamba boti mbili za injini ziendazo kasi, zikifikishwa huko, zingeweza kuwashinda. Spicer-Simson, aliyekuwa akizungumza Kifaransa na hivyo kuweza kuelewana na Wabelgiji waliotawala Kongo, upande wa magharibi wa ziwa, ndiye aliyepewa uongozi. Boti hizo, zenye urefu wa mita 12 hivi, aliziita kwa majina ya Kifaransa, Mimi na Toutou.

Hazikupitia Uganda, na sababu yake inaonekana ukifungua ramani ya wakati huo: Rwanda, Burundi na pwani yote ya mashariki ya ziwa vilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Njia iliyobaki ilikuwa ndefu ajabu. Boti zilitoka Uingereza mwezi Juni kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume huko Katanga, kusini mwa Kongo, na hapo reli ikakatika. Mbele yake palikuwa na zaidi ya kilomita 200 za msitu na Milima ya Mitumba.

Hapa naomba uwasimamishe wanafunzi wako kidogo. Maelfu ya wanaume Waafrika walifyeka njia, wakang'oa visiki na kujenga madaraja zaidi ya mia moja kwa magogo waliyoyakata palepale. Boti zilivutwa juu ya trela na mashine mbili za mvuke pamoja na makundi ya maksai. Mwinuko ulipozidi ukali, kamba zilizungushwa kwenye kapi zilizofungwa kwenye miti, maksai wakateremka huku trela ikipanda. Nchi ilikuwa kavu, na mashine za mvuke hazina budi kunywa maji, kwa hiyo wanawake wa vijiji vya karibu waliyabeba vichwani kwa mitungi na kuyamimina kwenye matangi. Nikisoma habari za msafara huu, mitungi hiyo ndiyo inayonikaa moyoni kuliko mizinga. Kwenye Mto Lualaba, ambao maji yake yalikuwa yamepungua, boti zilifungiwa mapipa ili zielee juu zaidi zisikwame mchangani. Zilifika ziwani mwishoni mwa Oktoba.

Vita vyenyewe vilikuwa vifupi. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani, ambayo mzinga wake ulielekea mbele tu, ilishambuliwa na kutekwa ndani ya dakika kama 11, ikapewa jina jipya, Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Ilibaki meli kubwa zaidi, Graf von Götzen. Spicer-Simson hakuthubutu kuikabili. Kwa maoni yangu alistahili sifa kwa kuzifikisha boti na kwa ushindi ule wa mwanzo, lakini miezi iliyofuata ilionyesha uoga ambao askari wenzake hawakuusahau. Mwezi Julai Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen karibu na Kigoma, baada ya kuipaka injini mafuta mazito isile kutu. Iliibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza tena kusafiri kwa jina la Liemba.

Kuhusu sketi, ni kweli kabisa. Ilikuwa ya kaki, imeshonwa na mke wake, naye aliivaa kwa sababu ya joto. Mwili wake ulijaa chale za picha, na wenyeji walifinyanga sanamu zake za udongo.

Alirudi kwao akiwa mgonjwa, akapewa nishani, ila hakupewa tena meli ya kuongoza vitani. Kazi aliyoifanya vizuri kwa muda mrefu ni ile aliyoianza nayo: mwaka 1921 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco, akakaa hapo hadi mwaka 1937. Alifariki Kanada mwaka 1947.

Sasa turudi kwa babu yako. Mwaka 1916 wapagazi walioandikishwa Uganda walibeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji lililoingia Rwanda na baadaye kufika Kigoma na Tabora. Huenda aliisikia habari hii kwa askari wa jeshi hilo. Kama katika masimulizi yake aliwahi kutaja Kigali, Tabora au jina la mwenzake yeyote aliyebeba naye mzigo, tafadhali yaandike na ututumie, nasi tutayachapisha.